Valvu ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa kiongozi wa wageni mlimani. Alianza kama mpagazi, akabeba mizigo ya watu kwa miaka mingi, kisha akasomea, akapata leseni, akaanza kutangulia mbele na fimbo mkononi na begi dogo mgongoni. Sisi ni watu wa Uru, juu ya mji wa Moshi. Mlima tunauona kila asubuhi mawingu yakiruhusu, lakini wengi wetu hatujawahi kupita hata msitu wa chini. Yeye alikuwa anakwenda na kurudi kama mtu anayekwenda sokoni. Akishuka, ngozi ya pua ilikuwa imebabuka kwa jua la juu kule, na kabla ya kuoga alipita kwanza kwa mama yake, nyumba ya pili ndani ya kihamba kilekile, shamba letu la ukoo, ili mama amwone kwamba amerudi mzima.

Siku moja nilikuwa natoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nikamkuta amekaa kwenye jiwe kando ya njia ya kupandia kwetu. Begi liko chini. Nilidhani anamsubiri mtu.

"Mbona umekaa hapo?"

"Napumzika."

Mimi nilikuwa nimepanda na majani kutoka chini kabisa. Yeye alikuwa ameshushwa na bodaboda pale barabarani, na kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu ni mwendo wa kusalimiana na majirani wawili watatu tu. Nikamtazama midomo. Ilikuwa na rangi ya zambarau kwa mbali, na shingoni mshipa ulikuwa unaruka kama mtu aliyetoka kukimbizwa.

"Twende basi," nikasema.

"Tangulia. Nakuja."

Nilitangulia, nikamwagia ng'ombe majani, nikawasha moto, ndipo akafika. Hakupita kwa mama yake siku hiyo.

Baada ya hapo tulizunguka sana. Zahanati walisema ni kichomi, wakampa dawa, akapata nafuu kidogo. Kikohozi kikarudi, wakasema labda ni pumu. Watu wa jumuiya yetu ya kanisani walisema mlima umemchosha, apumzike msimu mmoja. Alipumzika, na badala ya kupona miguu ikaanza kuvimba. Akivua soksi, alama ya lastiki ilibaki imezama kwenye ngozi hadi jioni. Hakuweza tena kulala chali, alilala amekaa, ameegemea mito. Hapo ndipo aliponiambia kitu alichokuwa amekificha. Viongozi wa wageni wana kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupimia kama mgeni anapata hewa ya kutosha. Katika safari zake za mwisho alikuwa anajipima mwenyewe akiwa peke yake hemani, na kila mara kipimo chake kilikuwa kibaya kuliko cha wageni wote.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangenishusha."

Tulikwenda hospitali kubwa ya mjini Moshi, mimi, yeye na mama yake. Mama mkwe wangu ni mwanamke mfupi, mkavu, aliyefiwa na mume mapema akawalea watoto kwa kahawa na maziwa. Hakuna aliyemwalika siku hiyo. Tulimkuta tu amesimama barabarani na kitenge chake kipya, anatusubiri.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimpaka mume wangu mafuta kifuani, akapitisha chombo, na kwenye kioo tukauona moyo ukipiga. Mimi nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba moyo unaweza kuonekana mtu akiwa hai. Daktari akatuonyesha kwa kidole.

"Moyo una milango, tunaiita valvu. Huu mmoja umekakamaa. Haufunguki vizuri na haufungi vizuri, kwa hiyo damu inarudi nyuma, inajaa kwenye mapafu. Ndiyo maana anakosa pumzi." Kisha akamgeukia mama mkwe. "Shikamoo mama. Huyu alipokuwa mtoto aliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?"

"Marahaba. Aliumwa," mama akasema haraka, kama mtu aliyefurahi kupata swali analolijua. "Hata kutembea alikuwa hawezi. Goti hili likipoa linavimba lile. Nilimkanda kwa maji ya moto mpaka akapona."

"Basi ilianzia hapo, mama. Vijidudu vya koo. Magoti yanapona, lakini moyo unabaki na kovu."

Daktari hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza. Lakini nilimwona mama mkwe akikunja mikono yake mapajani. Tuliporudi nyumbani, tukiwa tunaachana pale kwenye njia, akaniambia kwa Kichagga, taratibu, "Nilimkanda. Sikujua kingine."

"Mama, nani angejua?"

Tangu siku hiyo mtoto yeyote wa jirani akilalamika koo, mama mkwe humshika mkono na kumpeleka zahanati mwenyewe, wazazi wapende wasipende.

Ya fedha sitayaeleza. Ukoo ulikaa kikao, zikapatikana. Tulipata tarehe ya upasuaji Dar es Salaam, tukaondoka, nikamwachia mama mkwe ng'ombe, kuku na funguo. Watoto wetu walikuwa shule za bweni. Dar tulifikia kwa binamu wa mume wangu, mtu mwema mwenye nyumba yenye joto kiasi kwamba ukioga unajifuta maji na jasho pamoja.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo. Alitukalisha akatueleza kwamba valvu ile haiwezi kurekebishwa, itatolewa na kuwekwa nyingine, na kuna za aina mbili. Ya chuma inadumu, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo mtu anameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku ya maisha yake na kupimwa damu mara kwa mara. Ya pili inatengenezwa kwa nyama ya ng'ombe. Hiyo dawa zake ni za muda, lakini huchakaa, na ikichakaa kifua kinafunguliwa tena.

"Ya ng'ombe ningeelewana nayo," mume wangu akasema. Daktari akacheka, mimi sikucheka. Kisha mume wangu akauliza alichokuwa amekuja kuuliza tangu Moshi. "Ipi kati ya hizo itaniruhusu kupanda mlima?"

"Unapanda kufanya nini?"

"Ndiyo kazi yangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kutembea utatembea. Kulima utalima kiasi. Lakini kwenda kulala kule juu, kwenye hewa nyembamba, ukiwa na watu wa kuwaangalia, hapana. Siwezi kukudanganya. Kwa valvu yoyote."

Mume wangu akatazama dirishani. Nje kulikuwa na ukuta tu na mashine za kiyoyozi zinazodondosha maji. Kisha akasema, "Weka ya chuma. Sitaki kupasuliwa mara mbili," akaomba karatasi ya kutia sahihi kama mtu anayetaka kumaliza jambo.

Siku ya upasuaji walimchukua asubuhi na mapema. Alinivulia rozari yake akanipa, maana hairuhusiwi kuingia nayo. Akasema, "Mwambie mama nimeingia vizuri." Nikapiga simu. Mama mkwe alipokea, nikamwambia, akasema haya, akakata. Hajazoea kuongea kwenye simu.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini na wanawake wengine, kila mmoja na mgonjwa wake ndani. Wengine walikuwa wanasali, mmoja alikuwa anamenya chungwa ambalo hakulila. Nilijua wanachomfanyia, daktari alishatueleza: wanapasua mfupa wa kifua, wanausimamisha moyo, mashine inachukua kazi ya moyo na mapafu mpaka wamalize kushona. Nilijua kwamba kuna muda pale ndani ambapo mume wangu hatakuwa na mapigo yoyote. Nilianza rozari. Nakumbuka fumbo la kwanza na la pili. Kisha nikalala.

Nililala kabisa. Nilikuwa nimetumia miezi nikiamka kila alipokohoa, nikimweka mito, nikikata majani, nikikamua, nikipanda na kushuka mjini, na mwili wangu ukachagua saa hiyo, mume wangu amefunguliwa kifua, kulala kama mtoto. Aliyeniamsha ni daktari mwenyewe, amechuchumaa mbele yangu, kofia ya kijani bado kichwani.

"Mama. Mama, amka. Tumemaliza. Moyo umeanza wenyewe."

Yule mama wa chungwa alikuwa ameniegemeza begani kwake. Wala sikumjua, wala sikumwona tena baada ya siku ile.

Chumba cha uangalizi maalumu waliniruhusu kuingia kesho yake, nimevaa gauni lao na viatu vya kitambaa. Alikuwa na mirija kila mahali: shingoni, kifuani, mkononi. Ule wa mdomoni ulikuwa umetolewa. Muuguzi aliyekuwa anamhudumia alikuwa dada wa Mtwara, mchangamfu, na aliponiona akashusha pumzi.

"Afadhali umekuja. Mzee wako ameamka lakini anaongea lugha yenu tu. Anarudia jambo moja, hatumwelewi. Tunadhani ana maumivu."

Nikainama. Mume wangu alinitazama bila kunijua vizuri, akasema lile jambo lake kwa Kichagga.

"Anasemaje?" muuguzi akauliza.

"Anauliza kama ng'ombe amekunywa maji."

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. "Mwambie amekunywa."

Nikamwambia amekunywa. Akafumba macho, akatulia. Mimi nikatoka ukumbini nikalia kwa mara ya kwanza tangu yaanze, nimesimama karibu na ndoo za taka, mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Tulirudi Uru yeye akiwa amekumbatia mto kifuani ndani ya basi njia nzima, maana walimwambia akikohoa au basi likiruka abane mfupa usiachie. Watu walitupokea vizuri mno. Mama mkwe alikuwa amepika mtori mzito wa ndizi na nyama, akamsimamia mwanawe mpaka akamaliza bakuli. Jumuiya ilikuja kusali sebuleni. Kila jirani alikuja na mkungu wa ndizi, au maziwa, au kuku, na kila mmoja alitaka kusikia. Maana valvu ile ina sauti. Mkikaa kimya mnaisikia, tiki, tiki, tiki, kama saa ya mkononi iliyofunikwa na shuka. Wazee waliinamisha kichwa kifuani kwake, wakasikiliza, wakatikisa kichwa. Padri naye alisikiliza. Kanisani, wakati wa kimya baada ya komunyo, mtu wa benchi la mbele aligeuka kuangalia saa ni ya nani.

Halafu wageni wakapungua, kama inavyokuwa, na tukabaki na maisha yenyewe.

Hakutakiwa kuinua kitu kizito mpaka mfupa uunge. Ndoo ya maji, mzigo wa majani, mkungu, debe la kahawa, vyote vikawa vyangu. Dawa ile ya damu ilikuwa lazima aimeze saa ileile kila jioni, na ikizidi damu inakuwa nyepesi mno, ikipungua inaganda kwenye chuma. Kila mara tulishuka mjini kupimwa. Wakati mwingine walituambia imezidi, punguzeni, wakati mwingine imepungua, ongezeni. Mboga za majani zinaibadilisha. Mnafu, ambao kwetu ndiyo mboga, ilibidi niupime mkononi kama dawa, leo nisimpe mwingi kesho nikamnyima. Mbege, pombe yetu ya ndizi, aliambiwa aonje tu. Panadol sawa, lakini dawa nyingine za maumivu hapana. Mambo yote haya yalielezwa kwetu wawili, tumekaa kwenye viti viwili mbele ya daktari mmoja, lakini yaliingia kichwani kwangu tu. Yeye alikuwa anaitikia, ndiyo daktari, ndiyo daktari, na tukitoka nje anauliza, "Amesemaje kuhusu mnafu?"

Sikumlaumu mwanzoni. Alikuwa na huzuni yake. Msimu wa wageni ulipofika, magari ya kampuni yalipita barabarani yamejaa mizigo juu, na wenzake walipiga honi wakimwona. Yeye aliinua mkono. Kisha aliingia ndani akalala, saa nne asubuhi, uso ukutani.

Mimi nami nikawa nimegeuka kitu ambacho sikukipenda. Nilikuwa nasikiliza ile tiki tiki wakati wote. Nikiwa jikoni nanyamaza kidogo nisikie kama ipo. Akichelewa chooni naita. Akienda kwa mama yake namfuata na kidonge mkononi. Alikuwa mume wangu, na mimi nilikuwa nimekuwa muuguzi wa zamu isiyokuwa na wa kuipokea. Nilikonda mpaka sketi zikawa zinazunguka kiunoni. Watu wakiniona njiani waliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikijibu anaendelea vizuri, walifurahi, wakapita.

Zaidi ya mwaka ukapita hivyo. Mfupa uliunga, miguu ikarudi saizi yake, akawa anapanda kutoka barabarani bila kusimama. Siku moja akaaga anakwenda Sanya Juu na rafiki yake kutazama mtamba wa kununua. Nilifurahi. Nilimfungia chakula, nikamwambia awahi kidonge cha jioni, akaondoka amechana nywele.

Alirudi mchana umeinama, amevimba shavu, pamba mdomoni, na kifua cha shati kimelowa damu.

"Ni jino tu," akasema kupitia ile pamba. "Lilikuwa linauma wiki nzima. Nimeling'oa kulekule."

"Uliwaambia unameza dawa ya damu?"

Akatikisa kichwa. Akatema kwenye beseni, ikatoka damu tupu. Halikuwa tone la jino. Nilimpa taulo ang'ate, nikamwita mama mkwe, nikakimbia kwa jirani mwenye gari. Njiani taulo lililowa, tukaweka kanga yangu. Mama mkwe alikaa nyuma naye, amemshika kichwa, anamwambia kwa Kichagga asimeze, ateme. Macho ya mume wangu yalikuwa yameanza kutazama mbali.

Hospitali walimpokea haraka nilipotaja valvu. Walishona fizi, wakamwongezea damu, wakampa dawa za sindano za kuzuia vijidudu visifuate damu mpaka kwenye chuma. Daktari aliniuliza amemeza nini kingine. Nikapekua mfuko wa shati, nikakuta karatasi ya vidonge vya maumivu, vile tulivyokatazwa. Alikuwa amevimeza wiki nzima kimyakimya kwa sababu ya jino, na damu yake ilikuwa imekuwa kama maji kabla hata hawajaligusa.

Kesho yake mchana alikuwa amekaa kitandani, uso umekwajuka, anaweza kuongea. Nilivuta kiti.

"Nieleze."

"Yule tabibu wa meno aliniuliza kama nina ugonjwa wowote." Alikuwa anaongea polepole, upande mmoja wa mdomo. "Nikasema sina. Nilikuwa nimekusudia kumwambia, lakini nikasema sina. Nikajisikia vizuri. Pale Sanya Juu hakuna anayenijua. Hakuna aliyeniangalia kifua. Nilikuwa mtu aliyekuja kung'oa jino."

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba nilimwelewa kabisa, na bado nilikuwa nimekaa pale na kanga yenye damu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mimi nimechoka," nikasema.

"Najua."

"Hujui. Unajua umechoka wewe. Mimi ni lini nimekuwa mtu aliyekuja kung'oa jino tu? Nijibu. Ni lini?"

"Kwa hiyo ulitaka nife Dar?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinyamaza. Najua walinyamaza kwa sababu niliisikia ile tiki tiki yake waziwazi.

"Nilitaka upone," nikasema. "Umepona, sasa shika moyo wako mwenyewe. Umeze mwenyewe, ukumbuke kliniki mwenyewe, ujue mwenyewe unakatazwa nini. Mimi siwezi tena kutembea nao mikononi kama trei ya mayai."

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na chupa ya mtori. Sikujua amesikia kiasi gani. Alikuja, akamimina mtori kwenye kikombe, akaupuliza upoe, akampa mwanawe bila kumtazama. Nilirudi nyumbani na aibu, maana kwetu mke hasemi hivyo na mume wake kitandani, mbele ya watu, tena mama yake anasikia.

Asubuhi yake nilimkuta mama mkwe bandani, ameshakamua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chukua nguo zako uende kwa dada yako."

Nilidhani ananifukuza. Aliuona uso wangu, akaweka ndoo chini.

"Sikufukuzi, mwanangu. Nenda ukalale. Mimi nilipomuuguza baba yao hakuna aliyeniambia nikalale. Nilipomzika nilikuwa na usingizi kiasi kwamba sikulia, na watu wakasema sikumpenda." Akainua ndoo. "Huyu ni mwanangu kabla hajawa mume wako. Nitamchukua hospitali mimi. Nenda."

Dada yangu anaishi Shirimatunda, pembeni mwa mji wa Moshi, katika nyumba ndogo yenye bustani ya mchicha. Alinipa chumba cha watoto, akawahamishia watoto sebuleni, akafunga mlango. Nililala. Niliamka nikala, nikalala tena. Mvua ilinyesha juu ya bati nikaisikia na sikuwaza majani wala nguo zilizoanikwa. Jumapili ilipita nikiwa kitandani, kengele nilizisikia kwa mbali. Dada akaja akanigusa paji la uso.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nalala."

"Haya. Lala."

Hatukuongea mambo makubwa. Jioni tulikaa nje tukichambua mchicha, akanisimulia mambo ya majirani zake nisiowajua, na nilifurahi kwamba siwajui.

Nilipojisikia niko tayari nilirudi. Mume wangu alikuwa ametoka hospitali, yuko bandani, anamnywesha ng'ombe kwa ndoo ndogo ya lita chache chache, akienda bombani na kurudi. Alikuwa anafanya kazi ya ndoo moja kwa safari nyingi, lakini alikuwa anaifanya. Aliniona akasimama.

"Nilikwenda kupima damu jana," akasema. "Peke yangu. Imekaa vizuri."

"Ulivaa sweta? Kulikuwa na baridi." Maneno yalinitoka kabla sijayazuia.

"Nilivaa."

Hakuniomba msamaha siku hiyo wala baadaye, na mimi sikumdai. Lakini vidonge vilikuwa vimehama kutoka kabati la jikoni hadi kwenye dirisha la upande wake wa kitanda, na taarifa ya habari ya jioni ikianza redioni alinyanyuka mwenyewe kwenda kumeza. Mara mbili tatu alisahau. Nilikaa nimeuma meno, nikamwacha akumbuke mwenyewe, na alikumbuka. Kwenye pochi yake akaweka kadi inayosema ana valvu ya chuma na dawa anayotumia. Alikuwa amekataa kutembea nayo tangu Dar.

Sasa anawatembeza wageni hapahapa Uru. Wale wasiotaka kupanda mlima, au walioshuka wamechoka, wanakuja kuona maporomoko ya maji na namna kahawa inavyokaangwa na kutwangwa. Anawapeleka taratibu, anawasimulia. Nimemsikia akiwaeleza habari za kilele kama mtu anayeeleza nyumba aliyowahi kuishi. Wakimuuliza kwa nini hapandi tena, huwaambia wasikilize kifua chake. Wengine wanadhani anatania. Kuna siku anarudi amenyamaza, mlima ulikuwa wazi siku nzima, na siku hizo simsemeshi, namwekea chakula tu.

Mimi bado nachoka. Majani bado yako tambarare na nyumba bado iko juu. Lakini naenda Shirimatunda nikitaka, bila kuambiwa, na mama mkwe akiona naanza kujibu watu kwa mkato huniuliza mbona sijaenda siku nyingi.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke wa kijiji cha chini yetu. Mume wake anapelekwa Dar kwa tatizo kama letu, na mtu alimwelekeza kwangu. Alikaa jikoni, akaniuliza maswali mengi, kuhusu mfupa wa kifua, kuhusu mnafu, kuhusu ile sauti, kama ni kweli mtu anasikika kanisani. Nilimjibu yote. Alikuwa na macho mekundu na gauni limefungwa kwa pini kiunoni kwa sababu limekuwa kubwa. Nilikuwa na machalari ya ndizi na nyama jikoni, bado ya moto.

"Wewe umekula leo?" nikamuuliza.

Akaanza kusema kwamba mume wake alikula uji asubuhi. Nikamwambia sikuuliza habari za mume wake. Akatazama chini, akasema hapana, hajala. Nilimpakulia. Alikula kwa haraka mwanzoni, kisha polepole, na alipomaliza nikamwongezea.